Mtungi uliosoma tarakimu 186: kisa cha Python na maktaba ya C

Simu iliingia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mtu wa maziwa hakupigii saa hiyo kukujulia hali. Alikuwa meneja wa kituo cha kupokea na kupoza maziwa, barabara ya Nyahururu ukishapita Bahati, mama ninayemheshimu kwa sababu ndiye aliyenipa kazi yangu ya kwanza ya kulipwa hapa Nakuru.

"Mwanangu, kompyuta mpya imekataa mizani. Wakulima wamejaa hapa na mitungi. Unakuja ama unatuma mtu?"

Kompyuta ya zamani ilikuwa imeungua wiki ile. Stima ilipotea, ikarudi kwa kishindo, ikaondoka nayo. Ilikuwa mashine ya biti 32, yenye programu ya Python 2 (Python ni lugha ya kuandikia programu) iliyoandikwa na kijana mmoja ambaye siku hizi yuko Nairobi. Programu yenyewe haikuwa na makuu: inasoma uzito kutoka kwenye mizani, inaandika namba ya mkulima, kilo na saa, halafu inatoa risiti. Ilifanya hivyo miaka mingi bila kumsumbua mtu. Kompyuta mpya ni ya biti 64 na ina Python 3. Fundi aliyeileta alinakili programu, akazitia `print` zote mabano, akaona dirisha linafunguka, akalipwa, akashuka mjini.

Nilimwambia mama hiyo ni kazi ya saa moja. Ilinila asubuhi tatu.

Kiwanda kilichounda mizani hakielezi popote jinsi inavyozungumza na kompyuta. Kinatoa vitu viwili tu: maktaba ya lugha ya C, yaani funksheni ambazo programu nyingine huziita, iliyokompailiwa (kugeuzwa lugha ya mashine) tayari: faili ya `.so` moja ya biti 32 na nyingine ya biti 64, pamoja na faili fupi ya `.h` inayotaja funksheni hizo na muundo wa data. Majina nimeyabadilisha, lakini umbo ni hili:

```
typedef struct mizani mizani_t;

struct kipimo {
    char   hali;
    double kilo;
    long   wakati;
};

mizani_t *mizani_fungua(const char *bandari, int kasi);
int       mizani_soma(mizani_t *m, struct kipimo *k);
void      mizani_funga(mizani_t *m);
```

Na upande wa Python, kijana wa Nairobi alitumia `ctypes`, chombo cha kuita maktaba za C, ambacho kimekuwa ndani ya Python tangu toleo la 2.5 mwaka 2006:

```
lib = CDLL("./libmizani.so")
m = lib.mizani_fungua("/dev/ttyUSB0", 9600)
buf = create_string_buffer(16)
lib.mizani_soma(m, buf)
hali, kilo, wakati = struct.unpack("<c3xdl", buf.raw)
```

Soma tena mistari hiyo mitano. Hakuna mahali Python imeambiwa `mizani_fungua` inarudisha nini. Hakuna mahali imeambiwa `mizani_soma` inataka nini. Na hapa ndipo kisa chote kilipo, kwa sababu faili ya `.so` nayo haisemi. Ukiichungulia kwa `nm -D`, amri inayoorodhesha majina yaliyomo, utaona jina `mizani_fungua` limekaa pale, lakini hutaona kwamba inataka maandishi na namba, wala kwamba inarudisha anwani ya kumbukumbu. Ni kama daftari la namba za simu: unajua pa kupiga, hujui atakayepokea anaongea Kijaluo au Kikalenjin. Maelezo hayo yako kwenye `.h`, na `ctypes` haisomi `.h`. Inakuamini wewe. Ukinyamaza, inajichukulia kwamba kila namba nzima unayotuma ni `int` ya C, na kila kinachorudi ni `int` ya C.

Kwenye mashine ya biti 32 ukimya huo haukuwa na hasara. `int` ni baiti 4 (biti 32, maana baiti moja ni biti 8), `long` ni baiti 4, na anwani ya kumbukumbu pia ni baiti 4. Ukiita anwani `int`, inapita mlangoni bila kuguswa. Kwa hiyo sikumlaumu kijana wa Nairobi, angalau si asubuhi ya kwanza.

Asubuhi ya kwanza nilikuta karani ameshanunua waya mpya wa USB kwa pesa yake, kwa sababu skrini ilitoa mstari mmoja, `Is a directory`, kisha `Segmentation fault`, yaani programu imegusa kumbukumbu isiyo yake, na yeye aliona hayo ni maneno ya waya. Niliendesha programu chini ya `strace`, amri inayoonyesha programu inaomba nini kwa mfumo, nione inafungua faili gani. Iliomba kufungua `"/"`. Si `/dev/ttyUSB0`. Mkwaju tu, yaani saraka kuu ya mashine nzima.

Hili lilikuwa jepesi. Maandishi ya Python 2 ndani ya alama za kunukuu yalikuwa baiti tupu. Ya Python 3 ni Yunikodi, mfumo wa herufi za lugha zote, na `ctypes` isipoelezwa huyapeleka kama `wchar_t`, herufi pana za C, ambayo kwenye Linux ni baiti 4 kwa kila herufi. Mkwaju wa kwanza ukawa baiti ya `2f` ikifuatwa na sufuri tatu. C nayo ikikutana na sufuri huona maandishi yameisha. Nikaandika `b"/dev/ttyUSB0"`, ule mstari wa `Is a directory` ukatoweka. `Segmentation fault` ikabaki.

Kufikia hapo saa mbili ilikuwa imepita, lori la kubeba maziwa linapiga honi, na karani alikuwa ameamua kutumia mizani ya kuning'iniza na daftari. Nikarudi mjini. Mizani nisingeweza kuibeba, basi usiku nikaandika maktaba bandia ya mistari kumi na kitu, yenye funksheni zilezile tatu, inayoomba kumbukumbu kwa `malloc` na kurudisha anwani yake. Nikaiweka kwenye laptop yangu. Ikakimbia vizuri kabisa. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Kesho yake kituoni ikafa palepale ilipofia jana.

Hii ya kukimbia kwangu na kufa kwao ilinikera kuliko kosa lenyewe, na ndiyo inayofanya makosa ya aina hii yakae miaka bila kuonekana. Niliwasha Python kwa `-X faulthandler`, ambayo programu ikianguka hukuonyesha angalau ni mstari gani wa Python uliokuwa ukitekelezwa. Ulikuwa ule wa `mizani_soma`. Nikaingia na `gdb`, chombo cha kusimamisha programu na kuichungulia ndani, nikasimamisha `mizani_fungua` inapomaliza, nikaangalia rejista ya `rax`, kijisanduku ndani ya prosesa ambamo kwenye mashine za x86-64 jibu la namba nzima au anwani hurudi:

```
rax   0x55d0a3c412a0
```

Kisha nikachapisha `m` upande wa Python:

```
-1547431264
```

Anwani ya kwanza imeandikwa kwa heksadesimali, tarakimu mbili kwa kila baiti, kwa hiyo ina baiti 6. Python ilichukua 4 za mwisho, `a3c412a0`, ikatupa `55d0`, na kwa kuwa biti ya juu ya kilichobaki ni 1, ikaisoma kama namba hasi. `mizani_soma` ilipopewa hiyo ikaenda kubisha mahali ambapo hakuna nyumba. Kwenye laptop yangu Python ilikuwa imejengwa kwa namna ambayo `malloc` ilitoa anwani za chini, chini ya gigabaiti 2, kwa hiyo hizo baiti 4 za mwisho ndizo zilikuwa anwani nzima. Sikuwa nimepima programu. Nilikuwa nimepima bahati.

Nikaandika:

```
lib.mizani_fungua.restype = c_void_p
```

`m` sasa ikaonekana nzima, namba ndefu chanya. Nikaendesha. Ikafa tena!

Hapa wengi hukata tamaa na kuilaumu maktaba, na mimi nilikaribia. Sababu ni kwamba `c_void_p`, yaani anwani ya kitu chochote, ikirudi, Python hukupa namba ya kawaida ya Python. Ukiituma kwa `mizani_soma` bila kueleza vigezo vyake, `ctypes` inarudi kwenye mazoea yake: namba nzima ni `int`, baiti 4. Anwani imekatwa tena, safari hii ikiwa inaingia. Mlango wa kutoka nilikuwa nimeuziba, wa kuingilia nimeuacha wazi. Dawa ni kutaja pande zote mbili, na afadhali kuipa anwani aina yake yenyewe kuliko kuiacha `c_void_p`:

```
class Mizani(Structure):
    pass

lib.mizani_fungua.argtypes = [c_char_p, c_int]
lib.mizani_fungua.restype  = POINTER(Mizani)
```

Ule mstari wa `argtypes`, unaotaja aina za vigezo, ungekuwepo tangu mwanzo, lile kosa la mkwaju lisingefika hata kwenye C. Python ingekataa maandishi ya Yunikodi mlangoni na kusema hoja ya kwanza ni ya aina isiyofaa, na karani angebaki na pesa ya waya.

Programu ikaacha kufa. Mizani ikataja hali yake, herufi `T` ya tulivu. Nikamwambia karani aweke mtungi. Skrini ikaandika 0.0.

"Basi maziwa hayana uzito leo," akasema.

Asubuhi ya tatu tulifunga geti la mapokezi baada ya mkulima wa mwisho, tukachukua mtungi mmoja na maji ya bomba. Mizani ina kioo chake chenye namba nyekundu, kwa hiyo tungeweza kulinganisha kinachosomwa na kinachofika kwenye kompyuta. Tulitia maji mpaka kioo kikasema 12.5. Kompyuta: `0.0`. Tukatoa kidogo, kioo 12.3. Kompyuta: `-0.0`, sufuri yenye alama ya kutoa, kitu ambacho karani hakuwahi kukiona maishani. Tukaongeza mpaka 12.7, na mashine ya risiti ikaanza kulia. Karatasi yake ina nafasi ya herufi 32 kwa mstari. Ilitoa mistari 6 ya namba tupu, tarakimu 186 kabla ya nukta. Tukafika 12.9, mkulima wa kuwaziwa akawa na deni la tarakimu 62.

Karani alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikuwa natazama kitu kingine: tarehe. Risiti ya 12.5 ilisema 10 Februari 2004, saa moja kamili usiku. Risiti ya 12.7 ilisema 11 Februari 2004, saa nane na dakika 16 usiku. Nikamwomba apunguze maji mpaka 12.5 tena. Saa ikarudi moja kamili usiku, tarehe 10. Nikamwomba aongeze. Ikaruka mbele saa 7 na dakika 16 na sekunde 54, kama mwanzo.

Saa ilikuwa inafuata maji. Yaani uzito ulikuwa umekaa kwenye kiti cha wakati.

Baada ya hapo haikuhitaji akili nyingi. Niliandika programu ya C ya mistari sita inayochapisha ukubwa wa `struct kipimo` na mahali kila sehemu inapoanzia, nikaikompaili kwa biti 64 na kwa biti 32. Ya biti 32 ilisema: jumla baiti 16, `hali` inaanzia 0, `kilo` 4, `wakati` 12. Ya biti 64: jumla 24, `hali` 0, `kilo` 8, `wakati` 16. Faili ya `.h` ni ileile, herufi kwa herufi. Lakini kompaila huacha nafasi tupu ili kila sehemu ikae kwenye anwani inayoifaa, na kwa Linux ya biti 32 kwenye x86 `double`, namba yenye nukta ya baiti 8, ndani ya muundo hutosheka na anwani inayogawika kwa 4, huku ya biti 64 ikidai inayogawika kwa 8. Juu ya hilo `long` imekua kutoka baiti 4 hadi 8.

Sasa rudi kwenye `"<c3xdl"`. Kijana alikuwa amehesabu kwa mkono: herufi moja, ruka baiti 3, `double`, kisha namba ya baiti 4. Jumla 16, sahihi kabisa kwa mashine yake. Kwenye mashine mpya, alichokiita kilo kilikuwa baiti 4 za nafasi tupu zikiunganishwa na nusu ya chini ya kilo halisi. Alichokiita wakati kilikuwa nusu ya juu ya kilo halisi. 12.7 kama `double` ni `0x4029666666666666`. Nusu ya juu, `40296666`, ukiisoma kama sekunde tangu 1970, jinsi kompyuta inavyohesabu wakati, unaangukia Februari 2004. Nusu ya chini, `66666666`, ukiiweka mahali pa nusu ya juu inakuwa namba kubwa ya kutisha, 1.4 mara 2 kwa kipeo cha 615. 12.5 haina hata kiroja: nusu yake ya chini ni sufuri tupu, ndiyo maana ilisoma sufuri safi. `hali` peke yake ilikaa baiti ya 0 kote kuwili, nayo ndiyo iliyonidanganya kwamba mawasiliano yako sawa.

Kuna na jambo lisiloonekana kwenye risiti. Maktaba ilikuwa inaandika baiti 24 kwenye chombo cha baiti 16. Zile 8 za ziada zilimwagikia kumbukumbu ya jirani, yeyote yule aliyekuwa pale. Programu ilikuwa imeanguka mara mbili wakati wa kuchapisha, mahali pasipohusiana na mizani, na nilikuwa nimeshaanza kuitilia shaka mashine ya risiti.

Marekebisho yenyewe ni mafupi kuliko maelezo yake:

```
class Kipimo(Structure):
    _fields_ = [("hali",   c_char),
                ("kilo",   c_double),
                ("wakati", c_long)]

assert sizeof(Kipimo) == 24

lib.mizani_soma.argtypes  = [POINTER(Mizani), POINTER(Kipimo)]
lib.mizani_soma.restype   = c_int
lib.mizani_funga.argtypes = [POINTER(Mizani)]
lib.mizani_funga.restype  = None
```

`Structure` ya `ctypes` hufuata mpangilio wa mashine iliyopo, kwa hiyo hesabu ya nafasi tupu si yako tena. Ule mstari wa `assert` nimeuweka makusudi: siku mtu akihamisha programu hii kwenye mashine ambayo muundo si baiti 24, ikatae kuwaka kabla mkulima hajapewa risiti. Ukiniuliza, programu inayokataa kuwaka ni rafiki wa kituo cha maziwa kuliko inayowaka na kutoa 0.0. Na 0.0 ina nafuu, maana inaonekana. Ninachokiogopa ni kosa la aina hii ambalo lingetoa 11.9 pale panapostahili 12.7. Hapo mkulima angesema kituo kinamwibia, kituo kingesema mkulima ametia maji, na laktomita, kipimo cha maziwa yaliyotiwa maji, ingeletwa kuamua ugomvi wa baiti.

Kama ningeanza upya ningetumia `cffi`, chombo kingine cha kuita C kutoka Python. Unaipa maneno ya `.h` kama yalivyo, na ukichagua njia yake ya kukompaili, kompaila ya C yenyewe inakagua kwamba ulichosema kinalingana na kilichopo. Sikuitumia kwa sababu mashine ya kituo haina kompaila, funksheni ni tatu, na foleni ilikuwa ndefu. Ningekuwa na funksheni thelathini nisingezinakili kwa mkono hata kwa dawa. Kuna mtu aliniuliza mbona nisiandike kila kitu kwa C. Jibu ni karani: akitaka kubadilisha maneno ya risiti, hufungua faili ya Python na kubadilisha mwenyewe. C asingeigusa.

Kazi ya siku tatu za daftari ilibaki. Tuliziingiza kwa mkono, karani akisoma na mimi nikichapa, na palipokuwa na mwandiko wa haraka haraka tulimpigia mkulima. Wawili walitaja kilo nyingi kidogo kuliko daftari. Mama akaamua walipwe walichosema.

Siku ya nne nilikwenda mapema kuangalia foleni ikipita. Jiwe la kilo 5 lilipandishwa kwanza, kioo 5.0, kompyuta 5.0, halafu mitungi ikaanza. Karani alikuwa amebandika ile risiti ya mistari 6 nyuma ya mlango wa ofisi, kama cheti. Mama aliiona alipoingia kuchukua ufunguo wa tangi, akaisoma kwa kidole kutoka juu mpaka chini, kisha akaibandua.

"Hii msiache mkulima aione," akasema, akiikunja ndani ya mkoba. "Ataleta mtungi ule ule na kudai nimlipe."